Keki ya Mama imekuwa na chumvi, nasi tunaisifu

BARUA

Shikamoo Shangazi,

Natumaini u mzima. Nimezoea kusoma majibu unayowapa watu wenye ndoa zilizovunjika na watoto waliopotea njia, nikajiona mdogo kukuandikia kwa sababu ya chakula cha Krismasi. Lakini jambo lenyewe linaninyima usingizi tangu Oktoba, na kila nikiligusa na ndugu zangu tunaishia kununiana.

Nina miaka 43, nimeolewa, nina watoto wawili. Kwetu tumezaliwa wanne: kaka mkubwa, mimi, mdogo wangu wa kiume, na kitinda mimba ambaye anaishi nchi za mbali. Baba alifariki miaka sita iliyopita. Mama ana miaka 76 na anakaa peke yake katika nyumba tuliyokulia. Ninayeishi karibu naye ni mimi.

Krismasi kwetu ni vitu viwili, kuku mzima wa kuoka na keki ya matunda. Vingine huja na kuondoka, hivyo viwili havijawahi kukosa. Mwishoni mwa Novemba Mama huloweka zabibu kavu na maganda ya chungwa katika chupa kubwa ya kioo. Baada ya siku kadhaa anaoka keki, anaifunga kwa karatasi, anaipandisha juu ya kabati, na hakuna anayeruhusiwa kuigusa mpaka Krismasi. Unga na sukari hupimwa kwa kikombe kimoja cha bati cha bluu kilichobanduka rangi ukingoni. Hana karatasi yoyote aliyoandika mapishi. Saa hatumii pia. Kuku, anasema, ameiva pale harufu yake inapofika sebuleni.

Mwaka juzi keki ilikuwa na chumvi. Si chumvi ya kusema labda, Shangazi, ni chumvi hasa. Tulitazamana mezani, kila mtu akatafuna kimya, kisha kaka akasema, "Mama, mwaka huu umejishinda mwenyewe." Tukaitikia wote. Tulidhani ni bahati mbaya ya mwaka mmoja.

Mwaka jana ilikuwa chumvi tena, na karafuu zilizozidi hadi ulimi ukafa ganzi. Halafu kuku. Alikuwa wa kugandishwa, Mama alimtoa kwenye friza jioni ya mkesha. Ngozi ilipendeza, lakini kaka alipokata paja, nyama ya karibu na mfupa ilikuwa ya waridi na imepoa. Watu wazima tuliisogeza pembeni ya sahani bila kusema kitu. Mtoto wa mdogo wangu, mwenye miaka mitano, alikula. Usiku ule alitapika na kuharisha, akalazwa siku moja. Daktari alisema huenda ni chakula. Mama tulimwambia mtoto amepata homa ya tumbo tu, inazunguka shuleni kwao.

Tangu hapo tumekaa kikao bila yeye mara tatu. Kaka anasema aachwe apike, kwani amebakiwa na Krismasi ngapi? Wifi yangu, mama wa yule mtoto, anasema watoto wake hawatakula tena mezani pale, na simlaumu. Kitinda mimba anasema tuagize chakula kilichopikwa tayari, yeye atalipa. Na wote wanakubaliana jambo moja, kwamba kwa kuwa niko karibu, nimwondoe Mama jikoni kwa upole.

Nilijaribu. Mwezi uliopita nilimwambia, "Mama, mwaka huu pumzika, tutapika sisi." Akajibu, "Mbona mnaharakisha? Nikifa mtapika." Kisha akashinda kimya, akawa anakifuta kile kikombe cha bluu kwa kitambaa huku kimekauka zamani.

Kuna jambo ambalo ndugu zangu hawalijui. Oktoba nilipita kwake jioni nikakuta nyumba imejaa harufu ya gesi. Kitasa cha jiko hakikufungwa sawasawa. Yeye alikuwa amekaa sebuleni anashona, hana habari. Nilifungua madirisha, nikamwambia nilitaka hewa. Na siku hiyohiyo alinipa chai yenye maziwa yaliyokwisha kuchacha, naye anakunywa yake bila kukunja uso.

Tunampenda, Shangazi, na ndiyo maana tunanyamaza. Nikimwambia ukweli namnyang'anya kitu kimoja kinachomfanya ajione bado ni mama wa nyumba. Siku ya Krismasi akishatugawia wote huwa haketi. Husimama na kitambaa begani, akatutazama nyuso mmoja mmoja mpaka kila mtu ameng'ata tonge la kwanza, ndipo avute kiti. Yeye mwenyewe hula kidogo sana, husema ameshiba kwa kuonja.

Na nikiri la mwisho, maana kwako sifichi. Miaka 20 nimekuwa msaidizi wa kumenya vitunguu saumu. Sehemu moja ya moyo wangu inataka kuipika ile Krismasi kwa mikono yangu, angalau mara moja. Naogopa kwamba ninapojiambia namlinda Mama, kumbe natafuta nafasi.

Novemba ndiyo hii. Zabibu ameshanunua. Nifanye nini?

Binti wa Pili

JIBU

Marahaba mwanangu. Usijione mdogo hata kidogo. Mtu anayelia juu ya keki mara nyingi analia juu ya mama.

Nianze na gesi, kwa sababu keki inaweza kungoja wiki mbili na gesi haiwezi. Gesi ya kupikia yenyewe haina harufu. Wanaoiuza huitia makusudi kemikali inayonuka vibaya ili mwenye nyumba ashtuke. Ulinzi wote wa jikoni kwa mama yako unategemea pua yake, na ulichoniandikia kinanifanya niogope kwamba pua hiyo imelala. Tafadhali waambie ndugu zako leo. Siri hii nzito mno kuibeba peke yako, na si siri ya aibu. Vipo vifaa vidogo vya ukutani vinavyopiga kelele gesi ikivuja, na yapo majiko yanayojifunga gesi moto ukizimika. Kitinda mimba anayetaka kulipia chakula, huenda hapa pesa yake ikafanya kazi kubwa zaidi.

Sasa nirudi kwenye swali lako. Kama nimekuelewa, unaniuliza ufanye lipi kati ya mawili: useme ukweli na umvunje mama moyo, au unyamaze na uhatarishe watu mezani. Nimeisoma barua yako mara nne, na sina hakika kwamba njia ni mbili tu. Nina shaka pia na mambo machache unayoyachukulia kuwa yamekwisha kuthibitika.

La kwanza ni kwamba mama yako hajui.

Umeandika kwamba husimama na kitambaa begani akawatazama nyuso mpaka kila mmoja ameng'ata. Wewe umelisoma hilo kuwa fahari ya mpishi. Huenda ni hivyo. Lakini nami nimepika kwa miaka mingi, na najua mpishi mwenye kuonja vizuri huwa ameshapata jibu lake jikoni, kabla chakula hakijafika mezani. Anayehitaji kutazama nyuso ni yule ambaye ulimi wake haumpi jibu tena. Jaribu kukumbuka, mwanangu: zamani, wewe ukiwa na miaka kumi, alikuwa akisimama vile? Au alikuwa anakaa na kula na nyinyi? Kama kusimama huku kumeanza miaka hii ya karibuni, basi inawezekana mama yenu amekuwa akiazima ndimi zenu. Nyuso zenu ndizo zilizobaki kuwa kionjo chake. Na mwaka juzi nyuso zile zilimwambia keki ni tamu.

Sisemi hivi kukulaumu. Ningekuwa mezani pale, pengine ningesema maneno yaleyale ya kaka yako. Lakini uliponiandikia "tunampenda na ndiyo maana tunanyamaza", nilitaka nikuulize ukimya ule unamkinga nani. Kwa tonge la kwanza ulimkinga Mama. Kwa kikao cha tatu bila yeye, nadhani umeanza kuwakinga nyinyi dhidi ya uso wake atakapojua.

La pili, unadhani tatizo ni ulimi, au ni uzee tu. Tuangalie ulichokiona. Karafuu zimezidi, maziwa yamechacha hakuyagundua, gesi hakuisikia, na kuku ametolewa kabla ya wakati na mwanamke ambaye saa yake maisha yote ilikuwa harufu kufika sebuleni. Hayo manne yote yanapita puani. Ulimi unatambua vitu vichache tu, utamu, chumvi, uchungu, ukali wa ndimu, na ule utamu mzito wa mchuzi wa nyama. Kilichobaki tunachokiita ladha, kwamba hii ni karafuu na ile ni chungwa, kwa sehemu kubwa ni kazi ya pua. Watu wengi waliovuka miaka 60 hupungukiwa na uwezo wa kunusa, na hupungua polepole kiasi kwamba mwenyewe hajui. Mpishi wa namna hii akionja anaona chakula kimepooza. Anaongeza. Anaonja tena, bado kimepooza, anaongeza.

Chumvi kwenye keki, hata hivyo, inaweza kuwa na njia nyingine. Huenda ni macho, maana chumvi na sukari katika mwanga hafifu zinafanana. Huenda alitia, akasahau, akatia tena. Hilo la kusahau ningependa ulichunguze kwa upole. Je, anarudia maswali? Anapotea katika mambo aliyoyazoea? Kupoteza uwezo wa kunusa mara nyingi ni umri tu, au mafua ya muda mrefu, au dawa. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu na hata baadhi ya dawa za kuua bakteria hubadilisha ladha mdomoni. Meno ya bandia nayo yanaweza kuchangia. Lakini kwa watu wengine huwa ni dalili ya mapema ya maradhi ya ubongo kama Parkinson au Alzheimer. Sikutishi. Nasema hili linastahili daktari kabla halijastahili kikao cha familia, na ukienda naye beba orodha ya dawa zake zote. Likipatikana jina la kitabibu, hata mazungumzo ya jikoni hubadilika. "Mama, pua yako inahitaji msaada" ni maneno tofauti kabisa na "Mama, hujui tena kupika."

La tatu ni yule mtoto. Daktari alisema "huenda". Kuku asiyeiva anaweza kubeba bakteria kama Salmonella na Campylobacter, na mtoto wa miaka mitano huumia zaidi kuliko mtu mzima, kwa hiyo wifi yako ana haki ya kuogopa na naomba asionekane mkorofi katika hili. Ila ukija kuzungumza na Mama, usimtwike ugonjwa wa mjukuu kama hukumu iliyokwisha kutolewa. Hamjui kwa hakika. Na hata ingekuwa hakika, nyama ile mliiona nyinyi watu wazima, mkaisogeza pembeni, na sahani ya mtoto mkaiacha.

Nimeisoma tena sentensi hiyo nikafikiri kuifuta. Nimeiacha, kwa kuwa nadhani hilo ndilo linalokunyima usingizi kuliko keki.

Sasa tutembee katika njia zenu, moja baada ya nyingine, kwa kuwa kila ndugu yako ana sababu.

Njia ya kaka ni kumwacha apike, mkasifu. Ina upendo ndani yake, na kuna mambo ambayo kwa kweli hayadhuru. Keki yenye karafuu nyingi haijaua mtu. Lakini chumvi si mzaha kwa kila mtu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, chini kidogo ya kijiko kimoja cha chai, na hiyo ni kwa vyakula vyote pamoja. Kama kuna mwenye shinikizo la damu mezani, anayekula vipande viwili kumridhisha Mama anajilipisha mwenyewe. Na kuku hana nafasi kabisa katika njia hii. Hatari nyingine ni ya moyo. Siku moja mjukuu atatema keki mbele yake na kusema ina chumvi, kwa kuwa watoto hawajui vikao vyetu. Mama atawatazama nyuso, na atahesabu miaka.

Njia ya kitinda mimba ni kuagiza. Usiidharau kwa kuwa ni ya pesa. Japani, ambako Krismasi si hata sikukuu ya kitaifa, familia nyingi huagiza kuku wa kukaanga wa KFC majuma kadhaa mapema, desturi iliyoshika tangu kampeni ya matangazo ya 1974, na leo wapo watu wazima ambao kuku yule ndiye harufu ya Krismasi ya utotoni mwao. Chakula cha kununua kinaweza kupendwa. Lakini kwenu hakiingii mahali patupu. Kinaingia mahali pa mtu aliye hai, ambaye zabibu ameshanunua.

Njia waliyokupa wewe, ya kumwondoa jikoni kwa upole, ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Ulimjaribu kidogo akajibu kwa kifo. Mtu ambaye akiambiwa apumzike anasikia kwamba anazikwa, ametueleza kikombe kile kimebeba nini.

Kisha kuna njia ambayo hukuiandika lakini naihisi kati ya mistari: kumsahihisha kwa siri. Kuficha chumvi, kurudisha kuku ndani ya oveni akiwa kanisani, kuoka keki nyingine na kuibadilisha. Nimewahi kuandikiwa na watu waliofanya hivyo, na wengine walifanikiwa miaka miwili mitatu. Inalinda matumbo na inalinda uso wake. Gharama yake ni kwamba inakufanya mlinzi wa siri katika nyumba ya mama yako, na akigundua, atauliza ni mambo gani mengine mmekuwa mkimfanyia.

Na ipo ya kusema. Hapa nataka nikupe kisa kimoja, kwa kuwa kinanifariji. Kule Dresden, Ujerumani, wana mkate wa Krismasi wenye zabibu uitwao Stollen. Zamani uliokwa katika mfungo wa Majilio, yale majuma ya kungojea Krismasi, na Kanisa lilikataza siagi wakati wa mfungo, kwa hiyo waokaji walitumia mafuta, na mkate ulikuwa mkavu usio na ladha. Watawala wa Saksonia wakamwandikia Papa kulalamika. Mwaka 1491 Papa Innocent VIII akatuma barua ya kuruhusu siagi, na mkate unaosifiwa leo ulitoka hapo. Walioupenda mkate ule walisema wazi kwamba hauliki, na hawakuuacha.

Kusema si lazima kuwe kikao. Tena ningekuomba kisiwe kikao, wala kisiwe mezani, wala siku ya Krismasi. Kuwe ninyi wawili, jikoni, mikono ikiwa na kazi. Unaweza kuanza na lako: "Mama, mwaka juzi keki ilikuwa na chumvi nikashindwa kukwambia, na imenikaa moyoni." Halafu unyamaze, uendelee kumenya. Usimalizie kwa "kwa hiyo mwaka huu…" Mwachie yeye nafasi ya kusema linalofuata. Anaweza kukasirika. Anaweza kulia. Anaweza kukwambia kwamba chakula kwake hakina ladha tangu miaka miwili iliyopita na aliogopa mngemwona amekwisha. Kukasirika pia ni hatari ya kweli, siifichi. Wapo wazazi waliokaa miezi bila kusema na mtoto kwa jambo dogo kuliko hili. Wewe ndiye unayejua hasira za mama yako hukaa muda gani.

Kama mlango ukifunguka, kuna desturi ya Uingereza ninayoipenda sana. Jumapili ya mwisho kabla ya Majilio, familia hukoroga pudini ya Krismasi, ile ya matunda makavu, na kila mtu wa nyumba hushika mwiko kwa zamu akatia nia moyoni. Bakuli ni moja na mwenye bakuli anajulikana, lakini mikono ni mingi. Nikiisoma barua yako naona ndani yake mahali pa Mama, na mahali pa wajukuu, na mahali pako pia. Mtu mmoja anaweza kupewa kazi ya kuonja. Si kwa kumkagua Mama. Awe kionjo chake cha wazi, badala ya nyuso mlizomwazima kwa siri. Mpe hata mjukuu yule mwenye miaka mitano, sasa atakuwa sita, maana yeye hatadanganya. Rojo ya keki tu asiilambe ikiwa mbichi, yenye mayai na unga. Aonje matunda na sharubati, na muoke keki ndogo ya kikombe kwanza kabla ya ile kubwa. Ikiwa na chumvi, mtajua siku hiyo.

Kwa kuku sina ushauri wa moyo, nina wa jikoni tu. Wa kilo mbili aliyegandishwa anahitaji takriban siku nzima ndani ya friji ili ayeyuke mpaka katikati, na mkubwa zaidi anahitaji zaidi. Akitolewa jioni ya mkesha na kuingia ovenini asubuhi, ngozi itaiva huku kifua cha ndani bado kina baridi, na nadhani ndicho kilichotokea. Msimwoshe bombani, maji yanarusha bakteria hadi kwenye kachumbari. Na nunueni kipimajoto cha nyama. Kinachomwa sehemu nene ya paja bila kugusa mfupa, kikisoma nyuzi 74 za Selsiasi kuku ameiva, hata kama nyama ya karibu na mfupa bado ina waridi kidogo, maana rangi peke yake hudanganya pande zote mbili. Mama ambaye hakuwahi kutumia saa anaweza kukikataa. Anaweza pia kukipenda kuliko nyinyi. Namba haihitaji pua.

Nimeacha la mwisho, ulilolikiri kwa aibu. Mwanangu, kutaka kuipika Krismasi baada ya miaka 20 ya kumenya vitunguu saumu si njama. Unaweza kumlinda mama yako na ukatamani mwiko, vyote viwili kwa wakati mmoja, na kimoja hakikifanyi kingine kuwa uongo. Ningeogopa zaidi kama tamaa hiyo ungeificha mpaka ikajivika vazi la huruma. Kwa nini usimwambie? Si "Mama pumzika." Mwambie, "Mama, nifundishe. Nataka keki hii niijue." Umesema hana karatasi aliyoandika. Kwa mwaka huu, anayejua keki ile ni mtu mmoja tu duniani, na mikono yake bado inakumbuka hata kama pua imesahau. Maneno hayo mawili, pumzika na nifundishe, yanaweza kuishia kwenye mpangilio uleule jikoni, wewe kwenye jiko na yeye kwenye kiti. Lakini sidhani atayasikia sawa.

Sikuamulii. Wewe ndiye utakayekaa naye Desemba nzima, mimi nimesoma kurasa tatu tu. Huenda ukaona kwamba mwaka huu inatosha gesi na daktari, na keki ikangojea. Huenda ukaanza na wifi yako, ukamwomba samahani kwa ajili ya ile sahani. Utajua.

Ombi langu ni dogo. Siku mtakapooka, nenda na mizani ya jikoni. Mwombe Mama akijaze kile kikombe cha bluu unga kama anavyokijaza yeye, kwa kupiga ukingo au kwa kukitikisa au kwa kukiacha kilima juu, usikijaze wewe. Upime. Umwombe akijaze na sukari, upime tena. Uandike penseli, mbele yake, na umsomee. Kisha ukipata nafasi uniandikie, hata mstari mmoja, kikombe kile kinaingia gramu ngapi.

Shangazi